Tunaangalia kuta, tunasahau visima

Kijijini kwetu, kusini mwa Unguja, kuna visima viwili na baina yao ni hatua kama ishirini tu. Cha kwanza cha zamani, hata bibi yangu alikikuta, kina duara la mawe ya matumbawe na ukingo wake umeliwa na kamba mpaka umefanya mikato mikato kama meno ya msumeno, ukitia kidole kinazama mpaka pingili ya pili. Maji yake yapo karibu, kamba ya pima mbili inatosha na inabaki. Cha pili alikichimbisha ami yangu kwa mashine, mita thelathini na kitu, akaweka pampu na tangi jeusi juu ya nguzo za zege, na mwaka wa kwanza kila mtu alimsifu, na mimi nilimsifu. Mwaka wa pili chai ikaanza kubadilika ladha. Mwaka wa tatu nyanya zikaungua majani pembeni, sabuni ikawa haitoi povu, na fundi alokichimba alipoulizwa akajibu tushuke chini zaidi. Ami hana hela ya kushuka chini zaidi, na hata angekuwa nayo ingekuwa ni kuzifuata chumvi kule ziliko. Kisima cha bibi mpaka leo kina maji baridi, na kwetu maji baridi sio ya friji, ni maji yasiyo na chumvi.

Hili nalisema kwa sababu nimekuwa nikisoma sana habari za akiolojia ya pwani yetu, yaani ufukuaji wa miji na visiwa vya kale kama Kilwa, Songo Mnara, Shanga, Pemba, na kila mara naona jicho linakwenda kwenye kuta, misikiti, vigae vya kichina, dhahabu ya Sofala, bandari ya kale kule Msumbiji. Sawa, vitu vizuri na ni haki vichunguzwe. Lakini hakuna mji wa kisiwa uliokunywa vigae. Watu walikaa kwenye vipande vya mawe katikati ya bahari kwa mamia ya miaka, wakalima, wakafuga, wakatawadha mara tano kwa siku, na visiwa vingi kati ya hivyo havina hata mto mmoja wa kutiririka mwaka mzima. Walifanyaje? Mimi naona hilo ndo swali kubwa kuliko nani alijenga jumba gani, na jibu lake linatuhusu sisi tunaochimba leo.

Kwanza tuelewe kisiwa kinavyoshika maji, mana bila hapo hatutaona akili ya wale watu. Mvua ikinyesha juu ya mawe ya matumbawe haikai juu, inapenya kwenye matundu na nyufa mpaka inakutana na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya kutoka pembeni. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwahiyo yanaelea juu yake, chini ya ardhi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kila mmoja kwa njia yake akapiga hesabu ambayo inatumika hadi leo: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inapendeza kusikia, lakini igeuze upande wa pili. Ukiyavuta maji yako yakashuka nusu mita tu, chumvi kule chini inakuwa na nafasi ya kupanda kama mita 20. Na kisiwa chembamba, hasa karibu na ufuo, hayo maji juu ya usawa wa bahari hayafiki hata mita moja, ni sentimita za kuhesabu. Basi anaechimba kirefu na kuvuta kwa nguvu anaiita bahari ndani ya nyumba yake. Anaechimba kifupi, akachota kidogo kidogo, sehemu nyingi, anakunywa ile safu ya juu na kuiacha chumvi ilale.

Sasa nenda mwaka 1331. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, anapita Mombasa, kisiwa, analala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa, na kwa bahati nzuri yule bwana alikuwa na jicho la vitu vidogo. Anaandika kwamba kwenye milango ya misikiti kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Dhiraa mbili! Hiyo haifiki hata mita moja na robo. Anasema wanachota kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja, ardhi kuzunguka kisima na msikiti imesawazishwa, mtu anaosha miguu kabla ya kuingia na mlangoni kuna jamvi nene la kufutia, na anaetawadha anakibana kile chombo kwenye mapaja akajimiminia maji mikononi. Msomaji wa pwani hahitaji picha hapo, hiyo ni kata. Kifuu au kibuyu chenye mpini wa kijiti, kata ile ile iliyokuwa juu ya mtungi wa bibi. Watu wanaisoma sehemu hii kama habari ya dini na usafi, na ni kweli, lakini mimi naisoma pia kama kipimo. Mtu ametuandikia maji ya chini ya ardhi ya Mombasa yalikuwa umbali gani kutoka miguuni mwa watu karibu miaka 700 iliyopita, na ametuandikia chombo cha kuchotea ambacho kwa umbo lake hakiwezi kuvuta maji mengi kwa mpigo. Kata moja inatosha udhu wa mtu mmoja. Leo mji uleule unangoja maji ya bomba kutoka Mzima Springs, bara kabisa, chini ya vilima vya Chyulu.

Huyu huyu Ibn Battuta anasema watu wa Mombasa hawakuwa wakilima nafaka pale kisiwani, waliletewa kutoka pwani ya bara, ila walikuwa na migomba, malimau na machungwa. Wengine wanaichukua hii kuwa ni udhaifu, kwamba mji haukujitosheleza. Mimi naona ni uamuzi wa maji. Nafaka inakula eneo kubwa na unaihamisha kwa jahazi kirahisi, gunia halimwagiki. Maji hayasafirishiki hivyo. Kwahiyo kisiwa kidogo kinaacha nafaka ilimwe kwenye ardhi yenye mvua na nafasi, kinabakiza visima vyake kwa kunywa, udhu, na miti michache ya matunda inayomwagiliwa kwa mkono.

Na kwamba walimwagilia, tunae shahidi mwingine, na huyu alikuja kwa shari. Julai 1505 msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida uliingia Kilwa, wakaupora mji. Ndani ya meli moja alikuwemo Mjerumani, Hans Mayr, na katika maelezo yake ya Kilwa, mji aliosema una watu 4,000, anataja machungwa matamu, ndimu, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, vyote vimelimwa kwenye bustani na vinamwagiliwa kwa maji ya visima. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Bustani za kisima, ndani ya kisiwa kisicho na mto, zinaonekana na mtu ambae wenzake wakati huohuo wanavunja milango. Anataja pia watumwa waliofanya kazi ya mashamba ya nafaka, na hili lazima lisemwe wazi, mana maji hayapandi yenyewe kutoka kisimani, kuna mgongo wa mtu uliinama kila asubuhi, na mara nyingi mgongo huo haukuwa wa mwenye bustani.

Ndo maana nikitazama picha za Husuni Kubwa, gofu la jumba kule Kilwa, mawazo yangu yanagawanyika. Jumba lile la Sultan al-Hasan ibn Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, limekaa juu ya ukingo wa kilima likiangalia bahari, na lina bwawa la pembe nane ambalo kila mgeni anapigia picha. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilifukua miaka ya 1960 na ramani zake bado zinatumika. Ni kazi ya fundi hodari kwelikweli. Lakini pale Kilwa kila tone la bwawa lile lilitoka kisimani au lilitoka mbinguni. Jumba lenyewe inaonekana halikumalizika na lilikaliwa muda mfupi tu, likaachwa. Visima vya mji viliendelea kuchotwa vizazi baada ya vizazi. Ukiniuliza kipi kilikuwa uhandisi mkubwa zaidi, nitasema kisima cha mtaani, na nasema kwa moyo wangu wote.

Tatizo letu, nadhani, ni kwamba tunapolitafuta neno umwagiliaji tunatafuta mfereji. Ndo maana Engaruka, mashamba ya kale kule Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, inasifiwa na inastahili, kuna kuta za mawe, mifereji, hekta kama 2,000 za mashamba yaliyonyweshwa kutoka mito inayoshuka kwenye milima. Unaiona kwa macho, unaipiga picha ukiwa juu. Kisiwani hakuna kitu kama hicho cha kuona, basi tunasema hawakuwa na mfumo. Walikuwa nao, ila mfumo wenyewe ulikaa ndani ya uchaguzi: wapi pachimbwe, kina gani, zao gani lipandwe bonde lipi, na siku gani.

Pemba inalionyesha hili vizuri kuliko pengine. Kaskazini ya kisiwa kuna Tumbe na jirani yake Chwaka, sehemu mbili ambazo wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walizifanyia kazi kwa miaka. Tumbe ni ya zamani zaidi, watu walikaa pale mpaka karne ya 10 hivi, halafu Chwaka ikainuka kuanzia karne ya 11 mpaka ya 15. Na Sarah Walshaw akafanya kazi ambayo haina mvuto wa picha kabisa. Anachukua udongo wa majikoni na majaani ya zamani, anautia kwenye pipa la maji, mchanga unazama na mbegu zilizoungua zinaelea, anazikusanya kwa kitambaa, anazikausha, anazihesabu moja moja chini ya hadubini. Alichokikuta ni kwamba Tumbe walikula zaidi uwele, nafaka ya ardhi kavu, na Chwaka wakawa wamegeuka, mchele ndo umetawala. Mbegu zile ni ndogo kuliko ncha ya kucha lakini zinasema kitu kikubwa, kisiwa kizima kimebadilisha namna yake ya kuishi na maji.

Mana mpunga sio uwele. Uwele unautupa kwenye ardhi nyepesi, mvua mbili tatu nzuri na unajitegemea. Mpunga unataka bonde, unataka udongo mzito unaoshika maji, unataka mtu ajue mvua ya masika itaingia lini ili miche isije ikakauka au ikazamishwa. Pemba ina vilima na mabonde kila upande, ina mvua nyingi kuliko Unguja, na mtu aliyeliona bonde lile kwa mara ya kwanza akasema hapa maji yanakaa, hapa tutatia mpunga, alikuwa anasoma ardhi kama mtu anavyosoma kitabu. Wengine wanaeleza mabadiliko hayo kwa heshima ya mchele, karamu, ukarimu wa mji wenye misikiti na wageni, na mimi nakubali, hata leo harusi bila wali sio harusi. Ila heshima peke yake haioteshi mpunga. Ukitaka wali wa karamu lazima kwanza uwe na watu wanaojua mabonde. Na baadae Wareno wanatukuta Pemba ndo ghala, inalisha Mombasa na Malindi. Yaani kile kisiwa chenye maji kinavilisha vile visivyo na maji ya kutosha, kwa njia ya mchele.

Na hesabu ya siku nayo ni kifaa cha maji, ingawa huwezi kuifukua kwa koleo. Kalenda ya Kiislamu ni ya mwezi, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwahiyo mkulima akiifuata hiyo peke yake atapanda mpunga wa masika wakati wa kipupwe. Watu wa pwani wakashika na nyingine, ya jua, inayoanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, neno la Kiajemi, na wakaigawa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Manahodha waliitumia kwa pepo, wakulima kwa mvua. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaoga Mwaka kila mwezi wa 7, watalii wanakuja kupiga picha za vijana wanaochapana kwa migomba, na wengi wetu tunadhani ni ngoma tu. Ndani yake kuna kalenda ya kilimo. Babu mmoja wa kwetu, nilipokuwa mdogo, alikuwa anaweza kukwambia leo ni mwongo wa ngapi bila kuangalia popote, halafu anasema bado, usitie mbegu, subiri.

Kwenye maweni hali ni nyingine. Pale hakuna bonde, ni mawe matupu yenye mifuko ya udongo katikati, na mkulima anapanda ndani ya mifuko hiyo, muhogo hapa, kunde pale, jiwe linatia kivuli na kuzuia upepo usikaushe udongo. Mtu anaepita na gari anaona pori na mawe. Kitu kinachofanana na hicho kipo mbali sana na sisi, Rapa Nui, kule Pasifiki, kisiwa kingine kisicho na mito ya kudumu, ambako watu walitandaza mawe juu ya mashamba ili unyevu usitoroke na wakajenga vizingiti vya mawe vya duara kukinga mimea. Kule kwa muda mrefu wasomi walihangaika na masanamu makubwa tu, mpaka timu ya Carl Lipo, Terry Hunt na Robert DiNapoli ilipochapisha mwaka 2019 kwamba majukwaa ya masanamu yale yanafuatana na sehemu ambazo maji baridi yanachuruzika ufuoni. Yaani ukitafuta maji ndo unaelewa masanamu. Sisi tuna visima kwenye milango ya misikiti, tumeambiwa tangu 1331, na bado mpango wa mji wetu tunauanzia kwenye jumba la sultani.

Mwanaakiolojia Mark Horton, alipofukua mji wa kale wa Shanga kisiwani Pate miaka ya 1980, alikuta katikati ya mji eneo la wazi lililozungushiwa uzio, na ndani yake kisima, misikiti inajengwa pale pale karibu, mmoja juu ya mwingine, kuanzia wa miti mpaka wa mawe. Kisima kikiwa katikati ya mji, karibu na msikiti, sio cha mtu, hakuna anaeweza kukifunga. Na kinalindwa na macho ya wote, kama maji yameanza kubadilika ladha mji mzima unajua siku hiyo hiyo, kabla ya adhana ya magharibi. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa vilevile ya kujizuia. Lamu kwenye nyumba za zamani kuna birika la maji chooni, na ndani yake wanaweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika wamejengea bakuli la kichina ili birika likikauka samaki wabaki na kikombe chao cha maji mpaka lijazwe tena. Liangalie bakuli hilo. Makumbusho yatakwambia ni kigae cha biashara ya Bahari ya Hindi, na ni kweli, lakini pale chini kazi yake ilikuwa kuhifadhi maji ya samaki wawili watatu wadogo ili watu wasiugue.

Sisemi walikuwa hawakosei. Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, ingawa sio kisiwa, inatupa onyo, kuna kisima kilichochimbwa zaidi na zaidi kufuata maji yaliyokuwa yanashuka, na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeifukua, aliihesabu hiyo kati ya sababu za mji kuachwa kwenye karne ya 17. Waliona ishara ile ile anayoiona ami yangu leo, nao wakajibu kwa kushuka chini.

Kuna watakaosema zamani watu walikuwa wachache, usilinganishe. Kweli, wachache. Lakini hebu tuangalie nani anakunywa leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikadiria mgeni mmoja wa hoteli anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, na hapo kuna majani ya kumwagilia, mabwawa ya kuogelea, mashuka. Tokea hapo hoteli zimezidi. Mwanakijiji hafiki hata robo ya hizo. Kwahiyo sio wingi wetu tu, ni namna ya kuvuta, pampu moja yenye nguvu, sehemu moja, usiku kucha, juu ya ile safu nyembamba ambayo wazee waliigusa kwa kata.

Ninachokitaka kwa wanaakiolojia wetu, na najua wengi wao wanafanya kazi kwa bajeti ndogo sana, ni kwamba kisima kichukuliwe kuwa eneo la kufukuliwa kama msikiti unavyofukuliwa. Songo Mnara, Fleisher na Stephanie Wynne-Jones na wenzao wamekwishaonyesha njia, wamepima kemikali za udongo kwenye viwanja vya wazi, sehemu ambazo zamani zilionekana hazina kitu. Hayo hayo yafanywe mabondeni Pemba, yafanywe kwenye visima vya Tumbatu, Kilwa, Pate. Kila kisima cha zamani kipimwe kina, kipimwe chumvi wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kutoka sana, na wakati wa maji mafu, ikijaa na kutoka kidogo, kiandikwe kwenye daftari la urithi kabla mtu hajakijaza kifusi ili ajenge banda la kukodisha. Na wale wanaohesabu miongo wahojiwe mwaka huu.

Juzi nilipokwenda nyumbani ami alinipeleka mwenyewe kwenye kisima cha bibi, akateremsha ndoo polepole bila kuigonga ukutani, akaijaza nusu tu, akaipandisha. Nikamuuliza mbona nusu. Akasema mama yake alikuwa akiwagombeza wakijaza, maji ya chini yanachafuka. Akarudi nayo nyumbani, pampu yake pale imefunikwa gunia.